Sema Alivyosema Mama Yule

Oduor hakuwahi kutazama filamu kabla ya kuitafsiri. Hilo lilikuwa sharti lake tangu enzi za Kondele, Kisumu, alipokuwa akikaa kwenye stuli ndefu ndani ya chumba cha mabati cha kuonyeshea video, maiki mdomoni, akiwageuzia vijana maneno ya Wachina na Wamarekani kuwa Kiswahili cha mtaani. Kutazama mapema, alisema, ni kuiba mtihani. Mtafsiri akishajua nani atakufa, sauti yake inatoboa siri, na watu wanaanza kumlilia marehemu akiwa bado anakula chakula chake vizuri.

Miaka ikaenda. Akaja Stockholm kumfuata mkewe Eve, aliyekuwa amekuja kusomea uuguzi, akapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, wakahamia mtaa wa Husby, ghorofa ya sita. Maiki hakuiacha. Jumapili moja kila mwezi, baada ya kanisa, wazee wa Afrika Mashariki walikusanyika katika ukumbi wa jumba la utamaduni la mtaa, Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, na Oduor akapanda kwenye stuli. Wengi wao walikuwa wameletwa na watoto wao wakiwa tayari wana mvi. Kiswidi kiliwakataa, au wao ndio waliokikataa, na maandishi ya chini ya picha yalipita mbio kabla hawajapata miwani. Oduor aliwasomea. Aliwasomea, akayaongezea chumvi na pilipili, na yale asiyoyapenda akayatupa na kusema yake.

"Akitafsiri Oduor, hata msiba unakuwa harusi," alipenda kusema Bi Ziada, mjane wa Kigoma ambaye hakukosa hata mara moja na ambaye kiti chake cha mbele hakuna aliyethubutu kukikalia.

Msimu ule, Mikael, kijana wa Kiswidi aliyesimamia ukumbi, alileta filamu za kweli, zisizo na waigizaji. Zilikuwa tatu, zote juu ya Wainuiti, watu wa kaskazini ya mbali, na jinsi maisha yao yanavyobadilika. Felicia, binti yake Oduor, ndiye aliyemsaidia kuzichagua. Wazee walinung'unika kwanza: theluji wanayo dirishani bure, ya nini kuifuata ukumbini? Lakini filamu mbili za mwanzo zilikwenda vizuri mno. Ya kwanza ilihusu watoto wanaopelekwa shule za kusini wakarudi hawawezi kuongea na bibi zao, na hapo ukumbi mzima uliguna, maana kila mmoja alikuwa na mjukuu wa namna hiyo nyumbani. Ya pili ilihusu mwindaji aliyeacha mbwa na kununua pikipiki ya theluji. Oduor alimbatiza Okumu wa Boda, akamtilia mdomoni malalamiko yote ya waendesha bodaboda wa Kisumu, na wazee wakacheka hadi chai ikawapalia.

Ikabaki ya tatu.

Jumamosi, siku moja kabla, Felicia alikuja kwa wazazi wake na kitoto chake. Kilikuwa cha kike, kina miezi miwili, na hakikuwa na jina. Bravin, baba yake, alikuwa zamu, akiendesha lori la mizigo, naye alishasema kwamba jina amemwachia mama wa mtoto. Ofisi inayosajili majina ilishakumbusha. Na mtoto alikuwa analia. Si kulia kwa njaa wala kwa nepi. Alikuwa analia tu, asubuhi, mchana, akilala ana kwikwi. Nesi wa kliniki alisema ni tumbo, litapita. Eve, ambaye ni nesi pia, alisema hivyo hivyo mbele za watu.

Lakini Eve ni Mjaluo, na Oduor ni Mjaluo, na wote wawili walikuwa wamekulia katika nyumba ambamo mtoto asiyenyamaza huulizwa anamtaka nani. Kwao, watu humzunguka mtoto wakamtajia majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na likifika la yule anayetaka kurudi kwa mtoto huyo, kilio hukatika. Kwa hiyo walikuwa wamejaribu, milango ikiwa imefungwa, kama watu wanaofanya jambo la aibu. Walimtajia mama yake Oduor. Walimtajia bibi zake Eve, shangazi wa Ugenya, hata mke mdogo wa babu ambaye hakuna aliyempenda. Mtoto alilia juu ya majina yote.

"Pappa, limebaki jina moja," alisema Felicia.

Alilisema kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu chekechea humjibu baba yake kwa Kiswidi. Oduor aliweka kikombe mezani.

"Hilo halipo."

"Lipo. Nimeliita maisha yangu yote."

Kifungua mimba wao alikuwa Dominic. Kijana mrefu, mchekeshaji kama baba yake, mwanafunzi wa chuo. Majira matatu ya baridi yaliyopita alikwenda na wenzake wa darasani kuteleza juu ya barafu ya ziwa Mälaren, kama wafanyavyo wenyeji kila mwaka, wakiwa na viatu vya chuma na vijiti vya kupimia barafu. Mama yake alipoonyesha wasiwasi alimkumbatia, akamwambia usijali, nakwenda na watu wanaoijua. Na kweli walikuwa wanaijua. Baba zao na babu zao waliteleza palepale, mwezi uleule. Lakini baridi ya mwaka ule ilikuja kwa kusuasua, na barafu iliyowabeba babu zao haikumbeba Dominic.

Kabla ya hapo watu waliwaita Baba Dominic na Mama Dominic, kama ilivyo kawaida kwa wenye kifungua mimba. Siku ya kutoka makaburini, watu wakiwa wamesimama na sahani za wali, Oduor alimwita mkewe kutoka upande wa pili wa sebule: "Mama Felicia, lete maji." Watu wakasikia, wakaelewa, wakafuata. Tangu siku hiyo ikawa Mama Felicia na Baba Felicia. Hakuna aliyemuuliza Eve kama amekubali.

"Sikiza, nyathina, mwanangu," alisema sasa Oduor, akishusha sauti ingawa mtoto alikuwa akilia kwa nguvu. "Kaka yako alikufa maji. Hakuacha mke, hakuacha mtoto. Ba'mkubwa wako alishasema kwenye simu: jina la namna hiyo halirudishwi. Ukimpa mtoto, maji yatakuja kumdai na yeye."

"Na wewe unaamini?"

"Ninaloamini ni kwamba nimeshazika mmoja."

Eve alikuwa kwenye sinki akiosha chupa ya maziwa, na chupa ile ilikuwa imetakata zamani, lakini aliendelea kuiosha na hakugeuka.

"Kwa hiyo Dominic ndiyo basi," alisema Felicia. "Amekwisha. Hata jina."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo, Pappa." Alimlaza mtoto begani, akaanza kutembea naye kutoka dirisha hadi mlango. Alipofika mlangoni alisimama. "Ile filamu ya kesho. Safari hii itazame kwanza. Tafadhali."

"Sijawahi kufanya hivyo."

"Najua hujawahi."

Angetazama, yasingetokea yaliyotokea. Lakini Oduor alikuwa na kichwa kigumu, na kuvunja sharti la miaka thelathini kwa sababu binti amesema tafadhali aliona ni kushindwa. Jumapili akavaa shati lake la maua la kutafsiria, akaenda.

Ukumbi ulijaa. Eve aligawa mandazi na chai ya tangawizi, kisha akaketi safu ya mbele kando ya Bi Ziada. Felicia alikaa mwisho wa safu, karibu na mlango, kigari cha mtoto pembeni na mtoto mwenyewe kifuani akilia. Wazee hawakumwambia atoke. Mmoja, Mkongo mwenye kofia ya manyoya, alisema tu, "Pole, maman," akampisha njia. Mikael akazima taa.

Filamu ilianza kwa barafu, nyeupe, pana, haina mwisho. Kisha mzee mwenye masharubu na mbwa wake. Oduor hakuchelewa. Alimbatiza Mzee Okumu, baba yake yule wa bodaboda, na mbwa akawaita kanjo, askari wa jiji, kwa jinsi walivyonyang'anyana samaki ambao si wao. Ukumbi ukacheka. Mzee akapiga barafu kwa fimbo, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaongea taratibu kwa lugha yake. Maandishi yakatokea chini. Oduor akafungua mdomo amtilie utani wa bei ya unga, lakini macho yalikuwa yameshasoma.

"Baba yangu alinifundisha kuijua barafu," alisema kwa maiki. "Rangi yake, sauti yake. Aliyonifundisha yalikuwa kweli. Barafu ndiyo iliyobadilika."

Alilisema kavu, bila kuongeza neno. Watu walidhani anavuta pumzi ya utani unaofuata. Eve aliinua kichwa.

Picha ikahama. Sasa ilikuwa jikoni, nyumba ya mbao yenye joto, birika kwenye jiko, na mama mmoja mtu mzima, uso umejaa mikunjo, anakata nyama kwa kisu cha duara. Kila mtu katika filamu za Oduor hupewa jina la kwao Kisumu. Huyu hakumpa. Mama yule aliongea bila kuitazama kamera, na maandishi yakasema kwamba mwanawe wa kiume alitoka na pikipiki ya theluji, akapita njia ambayo watu wa kijiji wamepita siku zote, na barafu ikapasuka. Hawakumpata.

Na ulimi wa Oduor, uliozoea kuokoa watu kwenye filamu, ukafanya kazi yake.

"Mwanangu alihamia mjini," alisema. "Alikwenda mbali, akapata kazi nzuri, akaoa. Ana... ana nyumba kubwa."

Kwenye ukuta, mama yule aliweka kisu chini, akafuta macho kwa mkono wa nguo yake. Nyuma yake kulikuwa na picha ya kijana iliyowekewa mshumaa. Ukumbi ukanong'ona.

"Sasa kama amepata kazi," aliuliza Bi Ziada kwa sauti, maana yeye huuliza kwa sauti, "mbona mama analia?"

"Furaha, Bi Ziada. Analia kwa furaha."

"Na mshumaa?"

Kwenye maiki ilisikika pumzi ya Oduor tu, na nyuma ya ukumbi kilio cha mtoto. Hapo Eve akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Hata kanisani ushuhuda aliutoa akiwa amekaa. Mwanga wa picha ulimwangukia usoni. Yeye alikuwa anajua kusoma Kiswidi kuliko mumewe, na alikuwa ameyasoma yote.

"Baba Dominic," alisema.

Miaka mitatu lile jina halikuwa limesikika penye watu. Mkongo yule alivua kofia yake.

"Baba Dominic, sema alivyosema mama yule."

Oduor alibaki na maiki mkononi, mdomo wazi. Filamu iliendelea bila yeye. Mama yule aliendelea kusema kwa lugha yake, na katika ukumbi ule hakuna aliyeielewa, lakini watu waliisikiliza. Oduor aliona maandishi yanatokea na kufutika, yanatokea na kufutika, na hakuyasoma hata moja. Niseme ukweli, alikuwa na hasira: na mkewe, na binti yake, na mama wa ukutani aliyeweza kusema neno lile huku anakata nyama, wakati yeye, mtu wa maneno, alikuwa amelizika.

Mikael, ambaye Kiswahili chake kilianzia "karibu" na kuishia "asante", alidhani maiki imekufa. Alisimamisha filamu, akauliza kwa Kiswidi kama ni waya, akaja kuutikisa. Akapiga maiki kwa kidole, ikaitika. "Inafanya kazi," alisema, akashangaa. Kisha, kwa adabu ya watu wa kwao, akarudisha picha nyuma ili wazee wasikose kitu, hadi pale mama alipoanza kukata nyama.

Basi kwa mara ya kwanza maishani mwake Oduor akatafsiri kitu alichokwisha kukiona.

"Mwanangu wa kiume alitoka na pikipiki yake," alisema. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, si ya bibi wala ya mwindaji. "Alipita njia ambayo watu wa hapa wamepita siku zote. Barafu ikapasuka. Hatukumpata."

Mama yule akaweka kisu chini, akafuta macho, na safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Binti yangu akajifungua mtoto wa kike. Mtoto analia, halali, hashibi. Watu wengine walisema tusimtaje aliyepotea barafuni, tutaleta balaa. Mimi nikasema, mwanangu yuko nje kwenye baridi na hana pa kuingia. Nani amfungulie kama si mimi? Nikampa mtoto jina lake. Kwetu jina halichagui mwanamume wala mwanamke."

Mlango wa jikoni mle ukafunguliwa. Kitoto cha kike cha miaka kama sita kikaingia, mashavu mekundu, theluji kwenye kofia, kikakimbilia magotini kwa mama yule. Mama akakikumbatia, akakivua glavu, akashika vidole vyake.

"Umefika, mwanangu," alisema Oduor, na maji yalikuwa yanamtoka machoni bila kujificha. "Bado unasikia baridi?"

Mtoto akajibu. Alijibu upesi, bila kufikiri, kwa namna ambayo watoto hujibu swali wanaloulizwa kila siku. Sauti za watoto ndizo zilizompa Oduor umaarufu Kondele. Alikuwa akizibana puani na watu wanalia kwa kicheko. Hii hakuibana.

"Sasa hapana, mama. Nimeshapata joto."

Kutoka safu ya mbele Eve alitoa sauti moja fupi, akaziba mdomo kwa khanga. Bi Ziada alimshika mkono.

Filamu haikuwa imekwisha. Ilikuwa inaendelea na mashua, na watoto wa shule, na ndege kubwa ikishusha katoni za maziwa, lakini Oduor aliweka maiki juu ya stuli na kushuka. Alitembea katikati ya viti hadi mwisho wa safu. Felicia alimtazama, akamnyooshea mtoto.

Mtoto alikuwa amejikunja, ngumi zimebanwa, uso umewiva kwa kulia. Oduor alimpakata. Alikuwa hajampakata vizuri tangu azaliwe. Kila mara alikuwa na udhuru, mikono ina baridi, nguo ni za kazini. Sasa alimtazama kwa muda mrefu, kwa namna mtu anavyomtazama msafiri mlangoni kabla hajawa na hakika ni yeye.

"Dominic," alisema.

Akarudia.

"Dominic. Bado unasikia baridi?"

Ningependa kusema kwamba mtoto alinyamaza. Hakunyamaza. Alilia vilevile kama alivyolia juu ya majina ya bibi zake na yule mke mdogo wa babu, pengine zaidi, na Oduor akangoja, na wazee wote wakangoja pamoja naye, kwa sababu wengi wao waliijua desturi hiyo au walikuwa na mfano wake kwao. Kilio hakikukatika. Felicia aliinamisha kichwa.

Oduor hakumrudisha. Alitungua koti lake zito la baridi kutoka kwenye ndoano kando ya mlango, akalizungusha juu ya shati la maua na juu ya mtoto, akalifunga vifungo mpaka kikabaki kichwa kidogo tu kinachochomoza chini ya kidevu chake.

"Basi atasikia joto polepole," alisema kwa Felicia. "Alikaa nje muda mrefu." Kisha akauliza, kwa Kiswidi, ili asikosee, kama ofisi ile ya majina inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Felicia akaitikia kwa kichwa.

Alirudi mbele na mzigo wake, akiuita njiani kwa jina lake, taratibu, tena na tena, juu ya kilio. Mikael hakujua kama azime au awashe taa, akaiacha picha iende. Hakukuwa na kiti kilichobaki mbele.

"Mama Dominic," alisema Bi Ziada, "sogea kidogo, baba yake akae."

Eve akasogea.